Krupie akikosea, kelele za mezani hazirudishi karata

Kati ya video za poker zinazozunguka kwenye simu za vijana wetu, kuna aina moja inayopendwa kuliko zote. Krupie, ni kusema yule anayegawa karata, amekosea. Mchezaji anasimama, anapiga meza kwa mkono, anamtolea maneno mabaya kijana ao mama wa watu aliyevaa shati la kazi, na yule anainamisha kichwa bila kujibu. Chini ya video watu wanaandika: "Ana haki, makuta ni yake!"

Mimi nasema hana haki. Makuta ni yake, ndiyo. Kosa ni la krupie, ndiyo pia. Lakini katika mashindano ya poker kosa la krupie lina dawa yake iliyoandikwa, na dawa hiyo ina muda mfupi sana. Anayepiga kelele anaula muda huo yeye mwenyewe. Wakati anatafuta tusi la kutosha, karata zinakusanywa, jetoni zinachanganyika, na baada ya dakika moja hakuna tena mtu anayeweza kusema kwa hakika ni nini kilitokea.

Najua kuna wasomaji watakaouliza mambo ya poker yanatuhusu nini. Wachungaji na mashehe wetu hawapendi kamari, na mimi siitetei hapa; nyumba za kubashiri mipira zilizojaa mitaani kwetu zimekwisha kutuonyesha mengi. Lakini hata asiyegusa karata anaweza kuitazama meza hii kwa faida. Watu tisa wasiojuana wameweka makuta yao chini ya mikono ya mtu mmoja asiye ndugu wa yeyote kati yao. Mikono hiyo ikiteleza, itakuwaje? Sisi tuliozoea viwanja ambako mwamuzi anatafuta njia ya kutokea kabla hajapuliza filimbi ya mwisho, swali hilo tunalijua.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Aina inayochezwa zaidi kwenye mashindano makubwa inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapata karata mbili za siri. Kisha krupie anafungua katikati ya meza karata tatu kwa mara moja, halafu moja, halafu moja tena, na katika kila hatua watu wanaweka jetoni, wanaongeza ao wanaacha. Kabla ya kufungua, krupie anaweka kando karata moja ya juu bila kuionyesha, wanasema imechomwa. Mwishoni, kila aliyebaki anatafuta karata tano bora kati ya zake mbili na zile tano za katikati. Anayeshinda anachukua fungu lote lililokusanywa, na duru ingine inaanza.

Mashindano yenye jina kuliko yote, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe, kati ya watu wachache waliojuana. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mchezo mdogo wa intaneti wa dola 86, aliwapita wengine 838 akaondoka na dola milioni 2,5. Tangu hapo kila mtu akajiona naye anaweza. Mwaka 2024 mashindano makuu, ambayo kuingia kwake ni dola 10 000, yaliandikisha washiriki 10 112.

Sasa tupige hesabu. Watu tisa, karata mbili kila mmoja: 18. Tano za katikati: 23. Tatu zinazochomwa: 26. Ni nusu kamili ya karata 52. Meza yenye mwendo mzuri inamaliza kama duru 30 kwa saa, ni kusema mikono ya krupie inasukuma karata karibu 780 kila saa, huku akihesabu jetoni za rangi mbalimbali, akifuata zamu, akisikiliza nani amesema nini, na akimvumilia yule wa kiti cha tatu anayenuka pombe. Baada ya kama nusu saa anahamishwa meza ingine, anaanza upya na sura zingine. Atakayekuambia kwamba kosa halitatokea hajawahi kufanya kazi ya mikono.

Kwa miaka mingi kila kasino ilikuwa na sheria zake, na mchezaji aliyehama kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine alikuta kosa lile lile linatengenezwa kwa namna ingine kabisa. Mwaka 2001, huko Las Vegas, waendeshaji wa mashindano walianzisha chama chao, Poker Tournament Directors Association, ili wapate sheria moja. Leo sheria hizo zinafuatwa, zote ao kwa sehemu, kwenye mashindano mengi ya dunia. Ya kwanza kabisa inaweka mbele faida ya mchezo na usawa, hata pale ambapo maneno ya sheria peke yake yangetoa jibu lingine.

Tuchukue makosa ya kila siku. Krupie anagawa, karata moja inapinduka na kuonekana. Ikiwa ni ya kwanza ao ya pili kutoka mkononi mwake, duru inafutwa na karata zinachanganywa upya. Ikiwa ni moja tu kati ya zinazofuata, hakuna kufuta: mchezaji anapewa ingine, na ile iliyoonekana inatumiwa kama karata ya kwanza ya kuchomwa. Jambo linakwisha kabla mtu hajapata nafasi ya kukasirika.

Krupie anafungua karata nne katikati badala ya tatu. Hapo macho ya kila mtu yanakimbilia ile inayomfaa, na kila mmoja ana hakika kabisa ni ipi iliyoanguka mwisho. Sheria haimuulizi yeyote. Krupie anazifunika zote nne na kuzivuruga juu ya meza, msimamizi wa ukumbi anachagua moja bila kuiona; hiyo inakuwa ya kuchomwa, na tatu zilizobaki ndizo zinaendelea. Napenda sheria hii kwa sababu haitafuti ukweli usiopatikana. Inakubali kwamba jambo limeharibika, na inawapa wote bahati sawa.

Lile linalouma zaidi ni karata iliyofunguliwa kabla ya wakati. Mchezaji mmoja alikuwa bado hajasema neno lake, krupie hakumwona, akafungua karata ya nne. Ni mfalme, na wewe una wafalme wawili mkononi. Moyo umekwisha kuruka. Kisha unaambiwa karata hiyo inawekwa pembeni. Aliyesahauliwa anapewa zamu yake, krupie anachoma tena, na ile ambayo ingekuwa ya tano inakuwa ya nne. Mfalme wako anarudishwa kati ya karata zilizobaki, zinachanganywa, ndipo ya tano inatoka. Anaweza kurudi, lakini hana ahadi na mtu.

Hapa wengine wanajaribu kumtuliza mchezaji kwa kumwambia hakupoteza kitu. Si kweli. Kama krupie angesubiri, mfalme yule yule ndiye angetoka. Umepoteza kitu, na una haki ya kuumia. Lakini fikiri pia juu ya yule aliyerukwa: angetakiwa kuamua kama analipa ao anaacha, huku amekwisha kuona karata ambayo haikupaswa kuonekana wakati huo. Angekuwa anacheza mchezo mwingine kuliko wewe. Karata iliyoonekana haiwezi kufanywa isionekane, kwa hiyo inaondolewa. Mtu mmoja anaumia na duru inabaki mchezo. Mimi nakubali bei hiyo, na nafikiri mfalme angekuwa wa mwenzako nawe ungeikubali haraka.

Kuna makosa ambayo hayatengenezwi tena kwa sababu watu wamekwisha kucheza juu yake. Karata zimeanzia kwenye kiti kisichofaa, hakuna aliyeona, wachezaji wawili wamekwisha kufanya uamuzi wao kwa zamu na mmoja wao ameweka jetoni. Duru inaendelea, imekwisha hiyo. Wako wanaoona sheria hii ni uvivu. Lakini bila hiyo kila mmoja angechungulia karata zake kwanza: zikiwa mbaya angepaza sauti kwamba krupie alikosea, zikiwa nzuri angenyamaza.

Katika mifano yote hii, angalia nani anaamua. Si krupie aliyekosea. Si mchezaji aliyeumia. Wala si yule aliyefaidika. Krupie anatoa mikono juu ya karata, hagusi kitu, anapaza sauti kumwita msimamizi. Msimamizi anamuuliza krupie, anawauliza wachezaji, anatoa neno lake. Asiyeridhika anaweza kuomba mkuu wa mashindano asikilize. Mkuu akisema, mchezo unaendelea. Kwangu mimi krupie mbaya si yule aliyeangusha karata. Ni yule aliyeiangusha, akaona haya, akairudisha haraka haraka mwenyewe kama vile hakuna aliyeiona.

Na muda wenyewe? Haki ya kubisha juu ya duru inakufa pale ingine inapoanza, ni kusema mara krupie anapoanza kuchanganya karata ao kubonyeza kifungo cha mashine inayochanganya. Kati ya fungu kusukumwa kwa mtu na karata kuanza kuchanganywa kuna sekunde chache tu. Mwenye akili anazitumia kwa kusema: "Bwana krupie, simama kidogo, tumwite msimamizi." Anasema mara moja, kwa sauti inayosikika, bila kugusa jetoni wala karata za mtu. Mwenye hasira anazitumia kuuliza kama krupie alisomea kazi hii wapi.

Nije sasa kwenye sheria inayogombanisha watu kuliko zote. Mchezaji ameweka jetoni zake zote katikati. Karata zake mbili ziko mbele yake zimefunikwa, hana mkono juu yake, hana hata jetoni moja ya kuzikandamiza. Krupie anakusanya karata za walioacha, mkono unapita, na zake zinaondoka nazo hadi kwenye lundo la zilizotupwa. Alikuwa na asi mbili, hakuna karata bora kuliko hizo za kuanzia. Sheria inasema karata zimekufa. Zile jetoni ambazo mwingine amekwisha kuzifuata kwa kiasi sawa hazirudi. Anarudishiwa tu kile alichoongeza na ambacho hakuna aliyekifuata.

Watu wanasema: krupie ndiye amekosea, basi kasino ilipe. Hoja hiyo si ya kutupa. Mtu amelipa dola 10 000, amekaa siku nzima, na mkono wa mfanyakazi wa kasino ndio uliomtoa. Katika kazi ingine yoyote, mteja angelipwa.

Lakini jaribu kuitumia. Karata zikishaingia kwenye lundo, nani atathibitisha zilikuwa zipi? Meza zenye kamera ni chache sana kuliko zisizo nazo. Siku kasino itakapotangaza kwamba italipa, kila karata itakayopotea itakuwa asi mbili. Hutamsikia mtu hata mmoja aliyepoteza saba na mbili. Na atatokea fundi wa kusukuma karata zake karibu na mkono wa krupie kila anapoona mambo yanaharibika. Sheria inamwambia mchezaji kulinda karata zake kwa sababu yeye peke yake anazijua. Ni kali, lakini sijaona ingine inayoweza kusimama.

Ninachokataa ni namna wenye kasino wanavyojificha nyuma yake. Msimamizi anakuja, anasema sheria ndiyo hii, anageuka, anaondoka. Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza hakuwa ameambiwa lolote. Wazee wa mchezo wanajua: wanakuja na kitu kidogo cha kuweka juu ya karata, sanamu, kijiwe, sarafu ya nchi yao. (Mkongomani atafute kitu kingine, franga zetu ni za karatasi na zingepeperuka.) Wanajua pia kwamba viti viwili vilivyo ubavuni mwa krupie, kushoto na kulia, ndivyo vyenye hatari, kwa sababu mikono yake inapita hapo kila wakati. Mgeni hajui hata moja. Kumwambia kabla ya duru ya kwanza kungechukua dakika mbili. Na kumfundisha krupie asivute karata za mtu mwenye jetoni katikati bila kumtazama usoni, hiyo ni kazi ya kasino, si ya mchezaji. Neno la kuomba radhi pia halina gharama, ingawa kwenye kumbi hizo wanalichunga kama vile lingewapeleka mahakamani.

Mwishoni mwa duru mambo ni tofauti. Karata zilizolazwa wazi mezani, kila mtu akaona kwamba zimeshinda, krupie hana ruhusa ya kuziua. Kwa hiyo anayetaka usalama afungue zote mbili na kuziacha mbele yake mpaka fungu limfikie. Asizitupe kwa sababu tu mwenzake amesema "nimeshinda". Kinachosemwa kwa mdomo wakati huo hakina nguvu, karata zenyewe ndizo zinazosema. Wako watu wanaotaja karata ambazo hawana, kwa kukosea ao kwa makusudi, na mwenzao mwepesi anatupa zake zilizokuwa bora. Akishatupa, amlaumu nani? Bila shaka atamlaumu krupie.

Kuna kosa lingine ninaloliona kubwa kuliko yote haya, na si la krupie. Karata zimefunguliwa, krupie amesoma vibaya, anasukuma fungu kwa asiyeshinda. Anayelipokea ameona. Jirani yake ameona. Wote wawili wananyamaza, na krupie anaanza kuchanganya.

Sheria haina giza hapo: mchezaji yeyote, awe ndani ya duru ao nje, akiona karata zimesomwa vibaya ao fungu limehesabiwa ama kutolewa vibaya, aseme. Ukiwauliza walionyamaza, wanajibu kwamba poker inakataza kumsaidia mwingine. Wanachanganya mambo mawili. Wakati watu bado wanaamua, ndiyo, funga mdomo: kila mmoja anacheza karata zake peke yake, kumshauri jirani ni kosa, hata kusema ulikuwa umeacha karata gani ni kosa. Lakini karata zikishalazwa wazi, hakuna tena uamuzi wa kuharibu. Kimebaki kuhesabu tu, na hesabu ni ya meza yote.

Anayeondoka na fungu lisilo lake, mimi simtofautishi na mteja ambaye mama muuza sambaza amemrudishia franga nyingi kupita, naye akaharakisha hatua. Atasema hakuiba, amepewa. Jioni ni mama yule atakayetafuta pengo kwenye makuta yake. Mezani, ni krupie atakayeitwa ofisini.

Tuseme pia kweli: mengi yanayoitwa makosa ya krupie yamepikwa na wachezaji. Mmoja anaficha jetoni zake kubwa nyuma ya ndogo, kisha anashangaa hesabu imekosewa. Mmoja anacheza kabla ya zamu yake. Mmoja anarusha jetoni moja ya thamani kubwa bila kusema neno. Sheria inahesabu kwamba amefuata tu, naye anapiga kelele kwamba alitaka kuongeza na krupie hakumwelewa. Mwingine anasema "nimefuata" kabla hajauliza ni kiasi gani, na ikionekana ni zaidi ya alivyofikiri anamgeukia krupie, wakati kujua kiasi ni wajibu wa anayefuata. Sema kwanza unachofanya, taja kiasi, kisha sukuma jetoni. Hapo makosa mengi ya krupie yatakufa kabla ya kuzaliwa.

Na tusi? Mashindano yana adhabu: onyo, kisha kukaa nje kwa duru moja ao mzunguko mzima, huku jetoni za lazima zikiendelea kukatwa kwenye fungu lako, kisha kufukuzwa. Shida ni kama adhabu hizo zinawafikia wote. Mwaka 2008, Phil Hellmuth, bingwa wa mwaka 1989 na mmoja wa watu wenye jina kubwa katika mchezo huu, alimtukana mpinzani wake kwenye mashindano makuu, akapewa adhabu ya kukaa nje mzunguko mmoja. Kabla ya kuitumikia, kamishna wa mashindano aliiondoa, akisema ilikuwa imezidi. Labda ilizidi kweli. Lakini kila krupie na kila msimamizi aliyekuwa ukumbini aliona uamuzi wa mezani umebatilishwa, na aliyebatilishiwa alikuwa nyota wa televisheni. Tukitaka krupie asitukanwe, ni lazima nyota akae nje kama mtu asiyejulikana. Huko kwao hawajalimaliza jambo hili, na kwetu pia hatujalimaliza, katika mambo mazito kuliko karata.

Krupie hawezi kujibu. Hili watu wanalisahau. Mchezaji anayemfokea mchezaji mwenzake anaweza kujibiwa. Anayemfokea krupie anamfokea mtu ambaye kazi yake inamlazimisha kunyamaza na kugawa karata inayofuata kwa mkono usiotetemeka. Wengi wao kwenye mashindano makubwa wameajiriwa kwa wiki chache tu, wametoka mbali, wanalipwa kwa meza walizokaa. Akiharibiwa moyo, duru tano zinazofuata zitakuwa na makosa mengine. Kwa hiyo hata anayejali makuta yake tu, asiyejali utu wa mtu, hana faida ya kumtukana.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika, ambao wengine wanaingia kwenye kumbi hizi siku ya mapumziko, kuna jambo moja linalotuhusu zaidi. Kila ukumbi unatangaza lugha zinazoruhusiwa mezani wakati duru inachezwa. Huko Las Vegas ni Kiingereza. Wakongomani wawili wakikutana meza moja na kuanza kuongea Kiswahili ao Lingala huku karata ziko mkononi, hata kama wanaulizana habari za nyumbani, wataonywa, na wakiendelea wataadhibiwa. Si dharau kwa lugha yetu. Wengine mezani hawawezi kujua kama mnasalimiana ao mnaambiana karata. Ngojeni duru iishe, ao msimame, muende pembeni, muongee mpaka mchoke. Na kama krupie amekosea na Kiingereza chako ni kidogo, neno "floor" linatosha: ndivyo wanavyomwita msimamizi. Liseme, inua mkono, acha karata zako mahali zilipo na uweke kiganja juu yake.